Mwari Anaolewa Mrima: Historia ya Saadani na Vijiji Vilivyozungukwa na Hifadhi

 

Leo sina mapishi wala mitindo ya buibui. Leo nataka tukae mkekani nikuhadithieni historia, na nitakuambieni kwanza kwa nini.

Mwezi uliopita tulikuwa na kikao cha wanawake kupanga harusi ya mtoto wa dada yangu. Mume ni kijana wa watu, ana dini yake na kazi yake, ila kwao ni upande wa Saadani, kule pwani ya bara, wilaya ya Bagamoyo ya zamani. Tukiwa tunahesabu doti za kanga na sinia za halua, jamaa yetu mmoja akasema kwa sauti ya mzaha: "Kwani Unguja wanaume wamekwisha, mpaka mtoto akaolewe porini kwa tembo?" Watu wakacheka. Mwari hakucheka. Alijifunika kanga yake vizuri, akainamisha kichwa.

Mimi nilinyamaza siku ile, na kunyamaza kwangu kumenikera tangu hapo. Kwa hiyo nilipopata safari ya kwenda kuwaona wakwe, niliamua kuuliza, kusoma na kutazama kwa macho yangu. Haya ndiyo niliyorudi nayo.

Njia ya Msata

Ukitoka Unguja utavuka na boti hadi Dar es Salaam, kisha utapanda basi la kwenda Tanga. Zamani lazima upitie Chalinze. Siku hizi iko barabara ya lami ya Bagamoyo hadi Msata, kilomita 64, na baadhi ya magari hukatia huko. Msata ni mji mdogo wa njia panda: mahindi ya kuchoma, matunda kwenye mabeseni, pikipiki zinazongoja abiria, na adhana ikisikika katikati ya honi za malori ya Arusha. Hapo ndipo unapoiacha nchi ya mabasi makubwa na kuanza kuingia nchi ya wakwe zetu.

Ukipita Msata utavuka mto Wami, utafika Mandera, kisha unakata kulia kuelekea baharini. Unapita Miono, unapita Mkange, na ni kiasi cha kilomita 60 za njia ya udongo mpaka Saadani. Njiani utaona mashamba ya mihogo na mananasi, nyumba za udongo na fito, watoto wenye vitabu vya chuoni mikononi. Kisha nyumba zinapungua, miti inakaza, na unaona kibao kinachokuambia kwamba sasa umo ndani ya Hifadhi ya Taifa.

Hifadhi ya Saadani ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,100. Upande mmoja ni Bahari ya Hindi, bahari ileile inayotupiga sisi upande wa magharibi wa kisiwa. Kuna tembo, nyati, twiga, kuro, simba, na yule palahala mwenye pembe zilizopinda kwenda nyuma. Mto Wami una viboko na mamba, na kwenye maji ya chumvi karibu na bahari wanashuka heroe kwa makundi. Ufukwe wa Madete kasa hupanda usiku kutaga mayai yao. Na katikati ya yote hayo, au pembezoni mwake, wamo watu: Saadani, Uvinje, Buyuni, Mkwaja, Matipwili, Gongo na vingine. Hivi ni vijiji vilivyozungukwa na hifadhi. Watu hawakuja kuwafuata wanyama. Kama mtakavyoona, mji ulikuwepo kabla ya mpaka wowote wa pori.

Malkia wetu na mfalme wa Utondwe

Nianze na jambo lililonifanya nisimame peke yangu chumbani na kusema, subhanallah.

Sote tumepita mbele ya Beit al-Ajaib pale Forodhani, jumba alilolijenga Sultan Barghash mwaka 1883. Husimuliwa kwamba mahali pale, kabla ya masultani wa Kiomani, ndipo palipokuwa na jumba la Malkia Fatuma. Bibi huyu alitawala Unguja mwishoni mwa karne ya 17. Kabla yake alitawala mwanamke mwingine, Mwana Mwema, naye alikuwa na undugu na watawala wa mji mmoja wa Mrima uliokuwa ukiitwa Utondwe.

Utondwe ulikuwa wapi? Ulikuwa pwani hiyohiyo ya Saadani, upande wa mdomo wa mto Wami. Ulikuwa mji wenye mfalme wake, wenye biashara yake, unaojulikana kwa Wareno na kwa Waarabu. Na mume wa Malkia Fatuma alikuwa Abdalla, mfalme wa Utondwe.

Someni tena sentensi hiyo, mashoga zangu. Zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, malkia wa Unguja aliolewa na mtu wa huko huko tunakoita porini. Hakuna aliyemuuliza kama wanaume wamekwisha kisiwani.

Maisha ya Fatuma hayakuwa mepesi. Waomani walipoizingira Ngome ya Yesu ya Mombasa kuanzia mwaka 1696, yeye alikuwa upande wa Wareno, akapeleka chakula kwa waliozingirwa. Ngome ilianguka Disemba 1698, na Malkia akachukuliwa hadi Oman, akakaa uhamishoni miaka mingi kabla ya kuruhusiwa kurudi kwao. Mwanawe Hassan ndiye aliyetawala baada yake. Mtoto huyo damu yake ilikuwa ya Unguja na ya Utondwe.

Utondwe ukafifia, kama ilivyofifia miji mingi ya pwani, na Saadani jirani yake ikainuka. Lakini njia ya maji kati ya kisiwa na Mrima haikufungwa. Kutoka Saadani hadi Mji Mkongwe haifiki kilomita 50. Kwa jahazi lenye upepo mzuri, hiyo ni safari ya mchana mmoja.

Bandari ya pembe, na ya watu

Katika karne ya 19 Saadani ilikuwa bandari yenye jina, mshindani wa Bagamoyo. Misafara ilitoka Unyamwezi na ng'ambo yake ikileta pembe za ndovu, na ilirudi na nguo, shanga, waya na baruti. Wageni wa Ulaya nao waliipenda njia ya Saadani. Mwaka 1876 wamisionari wa Kiingereza walijaribu kutoka hapo na magari ya kukokotwa na ng'ombe hadi Mpwapwa, na mwaka 1877 Alexander Mackay alifyeka njia ya zaidi ya kilomita 300 kwenda hukohuko. Ndorobo waliwamaliza ng'ombe wao. Mkumbukeni huyo ndorobo, atarudi tena katika hadithi hii.

Sasa nakuja mahali ambapo kalamu inakuwa nzito. Bandari ile haikupitisha pembe peke yake. Ilipitisha watu.

Katika miaka ya 1830 njaa kubwa iliingia nchi ya Wazigua, ambayo ndiyo nchi ya nyuma ya Saadani na Pangani. Watu waliwaweka rehani watoto wao, wengine wakajiuza wenyewe ili wapate kula. Wengi walivushwa kuja Unguja, kwenye mashamba ya karafuu yaliyokuwa yanapanuka wakati ule. Wengine walipelekwa mbali zaidi, hadi bonde la mto Juba huko Somalia. Wajukuu wao husimulia kwamba wazee wao walipanda majahazi kwa ahadi ya kazi na chakula, na walipofika ng'ambo wakakuta wameshauzwa.

Wale wa Juba waliishika lugha yao ya Kizigua vizazi kwa vizazi. Vita vya Somalia vilipowatawanya kuanzia mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, na wengi walikuja kupewa makazi Chogo, wilayani Handeni, na baadaye uraia. Baada ya zaidi ya miaka 150 walirudi katika nchi ya mababu zao, wakakuta wenyeji wanawasikia wakisema. Mimi niliposoma habari hizo nililia.

Sultan Barghash alisaini mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa baharini Juni 1873, na mwaka 1876 akatoa amri ya kuzuia misafara ya watumwa ya nchi kavu. Lakini amri ya mjini na giza la pwani ni vitu viwili, na majahazi yaliendelea kuibia usiku kwa miaka.

Nayaandika haya kwa sababu sisi wa visiwani tuna tabia ya kuyasimulia kama mambo ya watu wengine. Karafuu zile zilichumwa kwa mikono ya nani? Katika majumba yetu, bibi zetu walizaliwa na nani? Kuna familia nyingi Unguja ambazo, ukiifuata nasaba yao bila kuona haya, utavuka maji na kushukia Mrima.

Bwana Heri

Mtu mmoja ambaye jina lake kila mtoto wa Saadani anapaswa kulijua ni Bwana Heri bin Juma. Alikuwa mtawala wa Saadani, Muislamu, mwenye nguvu zake kwa Wazigua. Hakuwa mtu wa kuamrishwa. Mwaka 1882 hata majeshi ya Sultani wa Zanzibar yalishindwa kumtia chini ya amri.

Aprili 1888 Sultan Khalifa bin Said aliwakodisha Wajerumani ukanda wa pwani. Kampuni yao ilipokuja kupandisha bendera Agosti ya mwaka huo, pwani yote ilichafuka. Pangani alisimama Abushiri bin Salim, na Saadani alisimama Bwana Heri. Juni 1889 manowari za Wajerumani ziliipiga Saadani kwa mizinga na majeshi ya Wissmann yakashuka. Fikirini mji wa nyumba za miti na makuti chini ya mizinga ya baharini. Wanawake na watoto walikimbilia ndani, njia hizohizo za Mkange na Miono tulizopita sisi kwa gari.

Abushiri alikamatwa na kunyongwa Pangani Disemba 1889. Bwana Heri alijenga boma lake ndani, Mlembule, akapigana mpaka njaa na maradhi vikawashinda watu wake, na Aprili 1890 akaja kufanya amani. Aliruhusiwa kurudi Saadani kuujenga mji wake upya. Wajerumani nao walijenga boma la mawe, na mabaki ya enzi zao, pamoja na makaburi, yapo mpaka leo. Agosti 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Waingereza waliiteka Saadani kutoka baharini. Baada ya hapo bandari kubwa ikawa Dar es Salaam, reli zikapita kwingine, na Saadani ikabaki kijiji cha wavuvi. Reli ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi ilipojengwa mwaka 1963, ilivuka Wami pale Matipwili na kuendelea kaskazini, ikiiacha Saadani pembeni na bahari yake.

Ukubwa wa mji haupimwi kwa idadi ya maduka yaliyopo leo.

Pori la akiba, ranchi, kisha hifadhi

Mwishoni mwa miaka ya 1960 Serikali ilianzisha Pori la Akiba la Saadani. Wazee wa pale wanasimulia kwamba wao wenyewe walilikubali, kwa sababu majangili kutoka nje walikuwa wanamaliza wanyama, na kwamba walielewana ardhi ya vijiji ibaki ya vijiji. Kaskazini, upande wa Mkwaja, kulikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe iliyoanza miaka ya 1950. Walifikia maelfu ya ng'ombe. Lakini ndorobo, yule yule aliyewashinda wamisionari, aliwagharimu dawa na hasara kila mwaka, na mwaka 2000 ranchi ikafungwa. Ardhi hiyo, pori la akiba na msitu wa Zaraninge vikaunganishwa, na mwaka 2005 Hifadhi ya Taifa ya Saadani ikatangazwa rasmi.

Hapa kuna jambo la kisheria ambalo wengi wetu hatulijui. Pori la akiba na hifadhi ya taifa si kitu kimoja. Ndani ya hifadhi ya taifa hairuhusiwi mtu kuishi, kulima wala kuchunga. Kwa hiyo ramani ikichorwa, swali la mstari umepita wapi ni swali la nani ana kwao na nani hana.

Uvinje waliliona hilo. Uvinje ni kitongoji cha Saadani, ufukweni, jina lake linakukumbusha mivinje inayovuma kwa upepo wa kusi. Mamlaka ya hifadhi ilisema ufukwe ule umo ndani ya mipaka ya hifadhi. Wakaazi walisema wao wapo hapo tangu enzi za wazee wao, na makaburi yao yapo. Mgogoro ukaenda miaka. Januari 2019 Rais Magufuli aliagiza kusitishwa kuondolewa kwa vijiji 366 nchini vilivyokuwa katika migogoro ya namna hii na maeneo ya hifadhi, na suala zima likaangaliwa upya.

Sisemi kwamba wanyama hawana haki. Allah amewaumba, na sisi ni wasimamizi wa ardhi yake, hatukupewa tuimalize. Kasa wa Madete wangekwisha zamani kama kusingekuwa na wa kuwalinda, na baadhi ya wanaowalinda ni vijana wa vijiji vilevile. Lakini muulizeni mwanamke ambaye tembo wamepita shambani kwake usiku mmoja kabla ya kuvuna. Yeye haruhusiwi kuwagusa, na chakula cha watoto kimekwenda. Huku kwetu Jozani, hifadhi ambayo nayo ina vijiji pembeni yake, sehemu ya pato la wageni imekuwa ikirudi vijijini, na ndiyo maana watu wa Pete wanaweza kumtazama kima punju bila ya chuki. Uhifadhi unakaa pale jirani wa mnyama anapopata faida ya ujirani.

Wanawake wa Saadani

Sasa nikuambieni nilivyopokelewa.

Tulifika jioni. Mama mkwe wa mwari wetu alitoka uani akijifuta mikono kwa kanga, akatukumbatia mmoja mmoja. Tulivuliwa viatu, tukaingizwa ndani, tukapewa maji ya kutawadha kabla ya maji ya kunywa, kwa sababu magharibi ilikuwa imeingia. Nyumba ni ya udongo, imeezekwa makuti, ndani ni baridi kuliko nyumba yangu ya bati mjini.

Chakula kilikuwa wali wa nazi na kamba wa kukaanga. Kamba ndio fahari ya Saadani. Mto Wami unaposhusha maji matamu baharini, kwenye mikoko, ndiko kamba wanakokulia. Wanaume wanakwenda na mitumbwi na nyavu, wanawake wanapokea ufukweni, wanachagua, wanachemsha, wanaanika. Chumvi nayo inatoka hapohapo, maana mashamba ya chumvi ni kazi ya zamani ya pwani hii.

Asubuhi niliwakuta akina mama wamekaa kivulini wanasuka ukili. Mmoja alikuwa anasuka mkeka wenye miraba ya zambarau na kijani. Nikamuuliza ni wa nani. Akacheka, akasema, "Wa mkeo huyo, mwari wenu. Au mlidhani atalala chini?" Mkeka ule ulikuwa umeanzwa kabla hata ya sisi kufanya kikao chetu cha kucheka.

Watu wa pale ni Wazigua, Wadoe, Wakwere na Waswahili wa pwani waliochanganyika kwa ndoa mpaka hutambui. Makabila hayo yana desturi ya kuupa uzito ukoo wa mama, kwa hiyo sauti ya mwanamke mkubwa nyumbani si ya kupuuzwa. Mwari aliyevunja ungo zamani aliwekwa ndani muda mrefu akifunzwa na somo wake, na Wadoe, Wakwere na Wazaramo walikuwa na sanamu ndogo ya mti, mwana hiti, akipewa mwari akae nayo kama mtoto. Mengi katika hayo yamepungua au yameachwa kadiri watu walivyosoma dini yao, na yale yasiyoafikiana na imani ni vyema yakaachwa. Lakini ule mtindo wa mwanamke mzima kukaa na binti na kumwambia ukweli wa ndoa, usafi, subira na haki zake, huo sisi wenyewe tunauhitaji. Siku hizi tunawapeleka mabiharusi saluni saa sita na kwa somo nusu saa.

Neno kuhusu kufu

Nirudi kwenye ule mzaha.

Nyuma ya maneno "porini kwa tembo" mna neno jingine ambalo halikusemwa, na kila mtu pale alilisikia. Ni lile neno la asili: nani muungwana, nani si muungwana. Pwani yetu yote, visiwani na Mrima, watu wamenyimwa ndoa kwa neno hilo, na hutafutiwa hata sababu ya dini kwa kuitwa "kufu".

Wanavyuoni wamelizungumza suala la kufu kwa urefu, wala mimi si mtu wa kutoa fatwa. Lakini tunayajua haya: Mtume wetu (S.A.W.) alimwozesha binti wa shangazi yake kwa Zayd, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru. Ndoa ile haikudumu, lakini yeye Mtume hakuona haya kuifunga. Tunajua kumwacha huru mtumwa ni ibada kubwa katika dini yetu. Na tunajua kwamba katika hija ya kuaga alitufundisha kuwa ubora wa mtu uko katika uchamungu wake.

Kama mifano ya zamani iko mbali, tazameni Bagamoyo, mwendo mfupi tu kutoka Msata. Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya, aliletwa pwani kutoka Kongo ya mashariki akiwa mtoto mtumwa. Akasoma, akafungua madrasa, akawa khalifa mkubwa wa tarika ya Qadiriyya, na alipofariki mwaka 1931 watoto wa mabwana walikuwa wamepita mikononi mwake kujifunza. Maulidi ya Bagamoyo yakawa yanakusanya watu kutoka kila upande, wakiwemo wa visiwani. Waliomuuza walihesabu fedha zake. Allah alikuwa na hesabu nyingine.

Basi atakayeuliza tena mwanetu anaolewa na nani, mwambieni: anaolewa na mtu wa mji aliotoka mume wa Malkia Fatuma. Anaolewa kwa watu wa Bwana Heri, waliosimama mbele ya mizinga. Anaolewa kwa watu ambao wengine wao walivushwa maji kuja kuchuma karafuu zetu. Sisi ni jamaa wa siku nyingi.

Kwa mabiharusi

Wale mnaotafuta mahali pa fungate, na bajeti yenu haifiki hoteli za Nungwi, ifikirieni Saadani. Utaona twiga asubuhi na bahari jioni, na mwende na mumeo kwa boti mto Wami mkatazame viboko. Lakini mkienda, kumbukeni mambo machache.

Mmepita kijijini kwa watu, kwa hiyo salimuni, na vaeni kama mnavyovaa kwenu. Nunueni mkeka kwa aliyeusuka na kamba kwa aliyewaanika, msivunje bei mpaka mtu akajutia kazi yake. Msipige picha za watu bila ruhusa, wala za makaburi. Msitoke kutembea usiku bila mwenyeji, maana tembo hajui kama nyinyi ni maarusi. Mvua za masika zikianza, ulizeni kwanza hali ya njia ya Mkange kabla ya kuondoka Msata, ingawa barabara mpya ya kutoka Bagamoyo kupitia Saadani na Pangani hadi Tanga inaendelea kujengwa.

Barabara hiyo itakapokamilika, ufukwe wa Saadani utapanda thamani. Watakuja wenye fedha kutafuta viwanja. Sisi wa visiwani tunajua vizuri kinachoweza kutokea, tumeona fukwe zetu wenyewe zikizungushiwa kuta. Kwa hiyo tukiwa wakwe sasa, tuwaombee na tuwausie ndugu zetu: washike hati za ardhi zao, waandike majina ya wanawake humo, na wawasimulie watoto wao kwamba hapa palikuwa na mji kabla hapajawa na pori.

Harusi ni baada ya mfungo wa sita, inshallah. Safari hii katika kikao sitanyamaza. Mkeka nimeshauleta mimi mwenyewe, nimeukunja na kuufunga kwa kanga, na nitautandika katikati ya chumba kabla hajasema mtu neno.

Allah aibariki ndoa yao na ndoa zenu nyote, awape wanaosubiri waume wema, na awahifadhi ndugu zetu wa Mrima katika ardhi zao. Amin.